Mkono wa Butu

Walimwita Butu, na aliyemtia jina hilo ni shangazi yake mwenyewe.

Alikuwa na miaka saba. Shangazi alimkalisha kwenye kigoda katikati ya chumba cha kushonea, akampa kipande cha kitambaa cheupe na sindano iliyotungwa uzi, akamwambia ashone mstari mmoja huku akiwaza jambo la kumfurahisha. Mtoto akawaza jinsi kaka yake anavyombeba mgongoni na kukimbia naye uani, akashona, ncha ya ulimi nje. Alipomaliza, shangazi alipitisha kidole juu ya mshono, akauweka shavuni, akangoja kidogo.

"Hamna kitu," alimwambia baba wa mtoto, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Huyu sindano yake butu."

Basi jina likamganda.

Enzi hizo umeme ulikuwa bado haujafika mtaani, na cherehani ya kwanza ilipoletwa kwa fundi wa barabara ya pili, watu walikwenda kuitazama kama bibi harusi. Nyumba ya kina Butu haikujali. Wao walishona kwa sindano, na hawakusifika kwa mshono tu. Walisifika kwa mkono. Mwenye mkono akishona nguo huku moyo wake umetulia, utulivu ule hubaki ndani ya uzi, na atakayeivaa nguo hiyo hutulia. Mgonjwa aliyekosa usingizi alishonewa shuka, akalala. Bwana harusi mwenye kigugumizi alishonewa shati, akawajibu wakwe zake maneno yaliyonyooka, mpaka baba mkwe akadhani ameletewa mtu mwingine. Halikuwa jambo la kunong'onezana. Kama vile nyumba fulani hujulikana kwa kuunga mifupa, nyumba hii ilijulikana kwa mkono. Watu walisema unakwenda na damu. Mama yake Butu alifariki kwa ugonjwa wa kifua mtoto akiwa na miaka mitatu, na tangu hapo mwenye mkono alikuwa shangazi peke yake.

Butu alipewa kazi za wasio na mkono. Alifumua mishono iliyokosewa, alipiga bandi za kushikilia kitambaa kwa muda, aliokota pini, alipuliza makaa ya pasi mpaka macho yakamwiva. Kufumua alikujua kuliko mtu yeyote pale ndani. Angeweza kutoa uzi kwenye pindo zima bila kuacha tundu. Mara kwa mara alijiiba na kipande cha kitambaa, akajaribu tena, akakiweka shavuni. Hamna kitu. Akishindwa alikwenda kwa baba, naye alimfuta machozi kwa kiganja.

"Usilie, mwanangu. Si kila mtu anazaliwa na mkono. Mimi sina, na ninaishi."

Alimwambia hivyo akiwa na miaka saba, na minane, na kumi. Akiwa na kumi na mbili aliacha kulia, lakini baba aliendelea kumwambia, na Butu alimpenda kwa hilo. Alijua wapo watoto wenye baba wasiojua hata wanalia nini.

Na shangazi hakuwa mkali, tuseme kweli. Kila mwaka ukianza alimkalisha Butu kati ya magoti yake, akamfumua nywele, akamchana, akampunguza ncha kwa mkasi mdogo. Zile nywele alizikusanya mwenyewe kwenye leso. "Nywele za mtu hazitupwi ovyo," alisema. Baada ya siku chache alimletea magauni mawili mapya, ya kushonwa kwa sindano, pindo pana la kuachiwa akirefuka. Wasichana wa mtaani waliyaonea wivu yale magauni. Butu hakuwahi kuvaa nguo ya mtu mwingine.

Kaka yake ndiye pekee aliyekataa kumwita Butu. Yeye alimwita Fundi, kwa utani kwanza, baadaye kwa mazoea. "Fundi, nikazie kifungo hiki." Naye alikikaza, na kaka alikitikisa na kusema, "Hiki kitanizika."

Vita vilianza Butu akiwa na miaka kumi na sita. Vilipiganwa mbali, ng'ambo ya mto, lakini havikuchukua muda kufika chumba cha kushonea. Ofisa mmoja mwenye viatu vinavyong'aa alikuja akakaa kwenye kiti cha wateja, akataka makoti. Hakutaka makoti ya baridi tu. Alitaka makoti ambayo askari akiyavaa haogopi.

"Inawezekana?" aliuliza.

"Inawezekana," shangazi alijibu.

Tangu siku ile chumba kikajaa kitambaa cha rangi ya majivu. Waliajiriwa wanawake sita wa kukata na kupiga bandi, lakini mshono wa kifuani, ule unaopita juu ya moyo, shangazi aliushona yeye kila koti. Butu alipiga pasi. Alishangaa jinsi alivyochoka. Alilala kama gogo na kuamka kachoka, miguu mizito, na kila alipojitazama kwenye kioo aliona uso wa mtu aliyetoka kuugua. Baba alisema ni moshi wa makaa.

Kaka aliitwa jeshini mwaka wa pili wa vita. Asubuhi ya kuondoka alisimama katikati ya chumba amevaa koti lao, kifua mbele, akijifanya ofisa, wanawake wote wakacheka. Baba alimfunga vifungo kimoja kimoja kama anayevalisha mtoto. Butu alikuwa amelipiga pasi koti lile mara tatu.

"Fundi, naonekanaje?"

"Kama mtu aliyeazima nguo."

"Basi nitairudisha."

Hakurudi. Miezi minane baadaye ilikuja barua, mwalimu akawasomea. Ilisema alisimama imara darajani mpaka mwisho. Shangazi alirudia maneno hayo kwa kila aliyekuja kutoa pole, *alisimama imara*, na alipoyasema aligusa kifua chake. Baba hakuyasema hata mara moja. Butu aliona hilo, akadhani ni majonzi.

Mwaka mwingine ukapita. Butu alikuwa ametimiza miaka kumi na minane siku baba na shangazi walipokwenda kupeleka makoti boharini. Asubuhi ile mvua ilikuja ghafla, kubwa, bila radi. Jirani yao, mwanamke wa makamo aliyefua nguo za watu na kuitwa Mama Dobi, alipiga kelele uani kwake, na Butu akakimbia kumsaidia kuanua. Walipomaliza, shuka zilikuwa zimepona na Butu ameloa chapachapa.

"Vua hilo kabla hujapata kichomi," Mama Dobi alisema, akamtupia gauni lake kuukuu la kitambaa cha buluu. "Kubwa, najua. Ukinenepa litakutosha."

Butu alilivaa, akalikunja kiunoni kwa mshipi, akarudi nyumbani na gauni lake la maji mkononi. Mlangoni alikuta mtu amesimama chini ya upenu. Alikuwa askari, au aliyekuwa askari. Mguu mmoja aliuburuta. Alivaa koti la rangi ya majivu lililochanika begani.

"Namtaka fundi," alisema.

"Hayupo. Lakini kama ni kushona mchano tu, hata mimi naweza."

Alivua koti, akampa. Butu aliketi karibu na dirisha, akatunga uzi. Aliwaza koti la kaka. Aliwaza asivyojua lilichanika wapi, na asivyomwuliza mtu yeyote swali lolote la maana tangu barua ile, kwa sababu kila mtu alikuwa na jibu tayari. Akashona. Vidole vikaanza kupata joto. Alidhani ni mvua imemtia homa, lakini joto lilikuwa kwenye vidole peke yake, na uzi ulipita kwenye kitambaa kama uliokuwa unaijua njia. Aliposhusha macho, mchano ulikuwa umefungana hivi kwamba hakuona ulipoanzia.

Askari alilivaa. Akasimama kidogo. Kisha machozi yakamtoka, akaketi chini sakafuni kama mtu aliyekatwa kamba.

"Umenifanya nini?" alisema. "Sijawahi kulia tangu... Umenifanya nini, dada?"

"Sijui."

Akalia sana. Kisha akazungumza, na hakuna aliyemwuliza. Alisema darajani parapanda ya kurudi nyuma ililia mara tatu. Wenzao waliovaa makoti ya kawaida walikimbia, wakavuka, wakapona. "Sisi wa makoti haya tulisikia. Usidhani hatukusikia. Lakini miguu haikuona sababu. Adui anakuja, unamwona, na huku moyoni ni shwari kama uko kwenu barazani. Tulikuwa thelathini na mbili. Mimi nimepona kwa sababu nilivunjika mguu nikaangukia mtoni." Alifuta pua kwa mkono. "Kulikuwa na mmoja kulia kwangu, mrefu, mcheshi. Kila mara alitutambia dada yake. Anasema nyumbani kwetu fundi ni dada yangu, wengine wote wasaidizi."

Butu hakumwambia yeye ni nani. Alimtengenezea chai, akamsindikiza mpaka mwisho wa barabara, akarudi.

Gauni lake lilikuwa linakauka mgongoni mwa kiti. Alichukua kipande cha kitambaa, akashona mstari akiwa amevaa gauni la Mama Dobi, akauweka shavuni. Aliiona huzuni yake mwenyewe ikimrudia, nzito, ya kweli. Akavua gauni la buluu. Akavaa lile la shangazi, bado lina unyevu, akashona mstari wa pili sambamba na wa kwanza. Hamna kitu. Ulikuwa uzi tu. Akavua tena. Akavaa tena. Alifanya hivyo mara nne, maana mtu haamini mambo ya namna hiyo kwa mara moja.

Kisha alichukua sindano ya kufumulia, akakaa kitako na gauni lake mwenyewe. Ndani ya pindo, pale ambapo hakuna fundi anayeshona mara mbili, palikuwa na mshono wa pili. Haukuwa wa uzi. Zilikuwa nywele nyeusi, zimesokotwa tatutatu, zimezunguka pindo lote bila kukatika, na hakuhitaji kuuliza ni za nani.

Mama Dobi alikuwa amekuja kudai beseni lake, akamkuta hivyo, yuko na shimizi, gauni limefumuliwa mapajani.

"Una nini, mwanangu?"

Butu akamwonyesha. Mama Dobi aliinama, akatazama, akapitisha kidole juu ya mshono.

"Waliosema kikulacho ki nguoni mwako," alisema mwisho, "sikujua walikuwa wanasema kweli."

Baba na shangazi walirudi saa tisa, wamechangamka, ofisa amewasifu. Walimkuta Butu ameketi kwenye kiti cha wateja amevaa gauni la buluu. Magauni yake yote, ya miaka yote ambayo hayakuwa yamegawiwa, yalikuwa yamelundikwa miguuni mwake, mapindo yamefunguliwa.

Hakumtazama shangazi. Alimtazama baba.

"Baba, ulijua?"

Baba aliyatazama yale mapindo. Angeweza kusema *nilijua nini?* Butu alikuwa akiomba aseme hivyo. Baba akaketi kwenye kigoda.

"Mama yako ndiye aliyemfundisha," alisema. "Mkono haukuwa wetu. Ulikuja na mama yako. Alipougua akashindwa kushika sindano, alimpa shangazi yako nywele zake, akamwonyesha namna ya kuzisokota, amalizie kazi za watu. Alimwazima kwa mapenzi."

"Na mimi? Mimi nilimwazima lini?"

"Ulikuwa mtoto. Mama yako amekufa, wateja wanaondoka, nina watoto wawili. Shangazi yako akasema tutauchukua kwa muda tu. Ukikua tutamwambia."

"Nina miaka kumi na minane."

"Najua."

"Ulinipakata, baba. Nilikuwa nalia kwa sababu sina kitu, na kitu unacho wewe kwenye pindo langu, na unanifuta machozi. Si mara moja. Miaka."

Shangazi ndiye aliyejibu, amesimama, hajavua hata mtandio.

"Na umekula nini miaka yote hiyo? Umevaa nini? Ungeachwa na mkono wako ukiwa na miaka saba ungechukuliwa na kila mtu mwenye shida. Nimekulinda."

"Fungua kifungo cha mkono wako, shangazi."

Shangazi hakufungua. Butu aliinuka, akamshika kiganja, akakifungua mwenyewe. Ndani ya mkunjo wa mkono wa gauni, mahali ambapo nguo hugusa mshipa, palikuwa na mshono wa nywele kama ule wa pindoni. Alizitambua kwa wembamba. Ni za mwaka huu.

"Kaka alivaa koti gani?" Butu aliuliza.

Mvua ilikuwa imekwisha na makaa ya pasi yalikuwa yanalialia.

"Mlimshonea kwa mkono wangu. Aliitiwa arudi mara tatu. Mtu aliyekuwa pale ameniambia. Hakurudi kwa sababu ya mkono wangu, na mimi nilimpigia pasi, na ninyi mlikuwa mnajua."

"Hatukujua litakuwa vile," baba alisema. "Nilidhani litamlinda. Haki ya Mungu, nilidhani litamlinda."

"Ungejuaje, kama hata mwenye mkono hukumwuliza?"

Alichukua pindo la kwanza, akalitia kwenye jiko la pasi. Nywele hushika moto upesi. Shangazi alimrukia, baba akanyanyuka, kwa mara ya kwanza, akasimama kati yao. Lakini Butu hakujua kama alisimama kumkinga yeye au kumzuia dada yake asiungue. Mapindo yote yaliingia. Harufu ilijaa chumbani. Shangazi aliushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akautazama kama kitu alichokiokota njiani.

"Nitawaambia watu wa serikali," alisema kwa sauti ndogo. "Nitawaambia mkono ni wa nani. Watakuja kukuchukua."

Butu alimgeukia baba. Alimpa nafasi ya kusema neno moja tu. Alimngoja muda ambao mtu angeweza kutunga sindano. Baba alikuwa anatazama sakafu.

Akatoka na gauni la Mama Dobi mwilini na mkasi mdogo mfukoni. Mama Dobi alikuwa na ndugu yake katika mji wa mwendo wa siku mbili, mfua nguo vilevile, na alimwandikia maneno mawili kwenye karatasi ya sabuni: *Mpokee huyu.*

Makoti yote yaliyoshonwa kwa mkono ule yalibaki sufu tupu siku ile ile, popote yalipokuwa. Butu aliishi bila kujua alifanya jema au baya. Wako waliosimulia kwamba alasiri hiyo kikosi kizima kilishikwa na woga, kikakimbia, kikapona. Wako waliosema kilikimbia na kikapigwa mgongoni. Aliwasikiliza wote, akiwa fundi mgeni katika mji mgeni, kichwa ameinamisha kwenye kazi. Na kweli shangazi aliwaambia watu wa serikali, lakini ofisa alikuwa na makoti mia yasiyofanya kitu na hakuwa na hamu ya hadithi nyingine kutoka nyumba ile.

Butu alifungua chumba chake cha kushonea akiwa na miaka ishirini na mitatu. Alinunua cherehani ya mguu, na kazi nyingi aliifanya kwa hiyo, makusudi. Mkono hakuutia kwenye nguo ya mtu yeyote kabla hajamkalisha na kumwuliza anataka nini na kama ana hakika. Wengi waliulizwa mpaka wakachoka, wakachukua shati la kawaida. Alikuja kuolewa na seremala, akapata mabinti wawili. Mkubwa alikuja kuwa na mkono, mdogo hakuwa nao, lakini habari za mkono aliwaambia wote wawili siku moja, mezani, kabla hawajajaribu kushona kitu. Nywele zao walikata wenyewe.

Baba yake alimtafuta baada ya miaka kumi na moja. Shangazi alikuwa ameshafariki. Alikuja mchana, mvi kichwa kizima, akabisha hodi kama mteja.

"Shikamoo, baba," Butu alisema, kwa kuwa yapo maneno yanayotoka yenyewe.

"Marahaba, mwanangu."

Alimpa kiti, akampa chakula, akawaita watoto wamwamkie babu yao. Baba alikula kidogo. Alitazama chumba, cherehani, vitambaa vilivyopangwa, akasema pazuri. Kisha akasema hapati usingizi. Tangu mwaka ule hapati. Akifunga macho ndipo anamwona kijana wake akifungwa vifungo.

"Ungenishonea shati, mwanangu. La kulalia tu."

Butu alichukua futi ya kamba. Alimpima mabega, alimpima kifua, alimpima mikono. Alikuwa amepungua sana. Aliandika vipimo kwenye karatasi kwa chaki ya buluu, akaikunja, akamtia mkononi.

"Fundi wa mlango wa tatu, mkono wa kulia," alimwambia. "Anashona vizuri. Mwambie nimekutuma mimi."

Baba aliitazama ile karatasi. Aliiweka mfuko wa juu, akaomba fimbo yake. Butu alimfungulia mlango, akasimama kizingitini kuhakikisha amehesabu milango sawasawa.